Vita vya 1914–1918 vinasimuliwa na nani? Shajara ya riwaya

Januari

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ya Vita vya Kwanza vya Dunia huku Afrika Mashariki imekamilika, na msimulizi wake ni yule maizi, anayejua yote. Anaanzia Tanga, Novemba 1914, anamalizia Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 1918, pale von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipoweka silaha chini. Katikati hapo hakuna kinachompita. Anajua Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, anakusudia nini kabla maofisa wake hawajaambiwa. Anajua mvua zitafunga njia lini. Anaingia kichwani mwa gavana, anatoka, anaingia kichwani mwa mpishi.

Nimeisoma yote kwa mfululizo. Tarehe ziko sawa, mito iko mahali pake, lakini hakuna anayeogopa. Watu wanakufa kurasa kwa kurasa, na msomaji yuko juu mnarani pamoja na msimulizi, anatazama mishale kwenye ramani. Hofu ya vitani inatokana na kutojua: adui yuko wapi, amri inayofuata ni ipi, chakula kitafika au hakifiki. Msimulizi anayejua yote ameninyang'anya vita, ameniachia historia ya vita.

Kazi ya mwaka huu basi ni kubadili mdomo, matukio yabaki yalivyo. Juu ya kila sura naandika maswali matatu: anayesema amesimama wapi, anasema lini, na ni lipi asiloweza kulijua. Hilo la tatu ndilo lenye kazi.

Februari

Nimeanza na Tanga, kwa kuwa ndilo pigano linalosimuliwa zaidi na ndilo lenye mitego mingi kwa mwandishi. Wanaolijua hawahitaji kuelezwa; kwa wengine, kwa ufupi: tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Fox, iliingia bandarini kutangaza kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha. Tangazo hilo likawapa Wajerumani nafasi ya kuleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi. Waingereza walishusha kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India. Waliokuwa wakiwangoja walikuwa kama 1,000. Siku tatu baadaye kikosi kile kikubwa kilirudi melini, kikaacha nyuma bunduki, mizinga ya rashasha na shehena ya risasi.

Msimulizi wangu wa zamani aliliweka hivi:

«Majeshi ya Uingereza, yakiwa yamechoka kwa safari ndefu ya bahari, yalisonga kuelekea mjini bila kujua kwamba Wajerumani walikuwa wamekwisha kujipanga.»

Sentensi haina kosa la kisarufi wala la kihistoria. Lakini huyo anayejua walichokuwa hawakijui ni nani, na amesimama upande gani wa reli? Nimempa askari mmoja wa upande wa Wajerumani, kijana, nafsi ya kwanza:

«Bunduki yangu ilikuwa ya zamani, ya baruti ya moshi. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linakufunika. Yule unayempiga anajua ulipo, wewe humwoni tena. Nilikuwa nikipiga, nasogea hatua mbili kushoto, nangoja moshi uondoke, natazama kama yupo. Mara nyingi hayupo. Ameanguka, amekimbia, sikujua. Hata leo sijui.»

Hapa ndipo nilipoona mtazamo unavyofanya kazi. Ile bunduki ya mwaka 1871 ilikuwamo pia katika rasimu ya kwanza, ndani ya aya iliyoorodhesha silaha za kila upande, na msomaji aliiruka kama nilivyoiruka mimi nilipoisoma tena. Sasa ndiyo inayomzuia msimulizi kuona. Maelezo yaleyale ya kihistoria, ila yamehama kutoka kwenye orodha hadi machoni mwa mtu.

Kisha nyuki. Mapigano yalipochachamaa mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ilitibuliwa, na nyuki wakatoka wakauma watu wa pande zote mbili. Baadhi ya Waingereza waliamini ni hila ya Wajerumani, kwamba mizinga ilitegwa makusudi. Msimulizi maizi angelisahihisha hilo papo hapo. Mimi nimeweka barua ya ofisa wa Kiingereza anayeapa kwamba ulikuwa mtego, na sijaweka mahali popote sauti ya kumkanusha. Sura inayofuata ni ya askari wangu, ambaye naye uso umemvimba jicho halifunguki, na hana habari ya mtego wowote. Msomaji mwenyewe ataweka mambo mawili pamoja. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ana haki ya kukosea, na mwandishi akikimbilia kumsahihisha anamuua.

Februari, mwishoni

Jambo limenisumbua na nataka liandikwe kabla sijalisahau.

Nilidhani msimulizi wangu wa kwanza hakuwa mtu yeyote. Nimepitia vitenzi vyake kwa kalamu nyekundu. Kampuni «ilisonga», kamanda «aliamua», meli «zilitia nanga». Wapagazi je? «Walipelekwa», «waligawiwa», «walirudishwa», «walizikwa». Karibu kila wanapotokea wako katika kauli ya kutendwa. Wao hawatendi neno lolote hadi wafe, na hata kuzikwa wanazikwa.

Chanzo chake kiko wazi. Maandishi mengi yenye maelezo ya kina kuhusu vita hivi ni ya maofisa: kumbukumbu, barua, shajara za kampeni, ripoti. Mwenyewe von Lettow-Vorbeck alitoa kumbukumbu zake mapema, mwaka 1920, na ndani yake mambo yana utaratibu wa kuvutia, hata pale yeye mwenyewe anapozunguka Tanga usiku kwa baiskeli kuchungulia taa za meli za adui. Nilipokusanya maelezo kutoka huko na kuyapanga katika nafsi ya tatu, nafsi ya kwanza ya ofisa ilitoweka lakini macho yake yalibaki. Msimulizi wangu asiye na upande alikuwa ofisa aliyevuliwa jina. Kwa hiyo nafsi ya tatu peke yake haiondoi upendeleo wowote. Kinachohesabika ni macho ya nani yaliyoangalia kabla kalamu haijaandika.

Machi

Mwezi wote umekwenda kwa wapagazi.

Hesabu kwanza, maana bila hesabu hii mtu haelewi kwa nini vita hivi viliwala wabebaji kuliko wapiganaji. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo mzigo ulirudi mabegani mwa watu. Chukua mzigo wa kilo 25 za unga na posho ya mpagazi ya kilo moja kwa siku. Akitumwa mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, amekwisha kula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Zilizobaki kwa askari ni tano. Kadiri jeshi lilivyozama ndani, ndivyo wabebaji walivyobeba chakula cha wabebaji. Na unga wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mahindi, umesagwa vibaya, unapikwa haraka kwa watu waliozoea wali, ndizi au mtama. Tumbo la kuhara likaua wengi kuliko risasi.

Nimejaribu mpagazi mmoja, nafsi ya kwanza. Sikumpenda. Mara tu alipoanza kusema «mimi» akawa shujaa: ana kijiji, ana mchumba, ana akili kuliko wenzake, na nilijua hatakufa kwa sababu anasimulia. Mpagazi anayejulikana kwamba atapona hawezi kubeba hadithi ya wale ambao hawakupona.

Ndipo nikageukia «sisi».

«Tuliamshwa kabla ya alfajiri. Kila mmoja alitafuta mzigo wake gizani kwa kupapasa, kwa kuwa fundo ulilofunga jana unalijua kwa mkono. Mzigo ukibaki peke yake, mwenyewe hajauendea, hatukuulizana. Ukiwa wa unga tuligawana. Ukiwa sanduku la risasi haugawanyiki, kwa hiyo nyapara alisimama akatazama upande wa moshi wa kijiji.»

Sentensi ya mwisho ilikuja yenyewe, na sasa sura nzima ya Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, inatokana nayo. Lile sanduku lisilogawanyika ndilo linalomvuta mtu mpya kutoka nyumbani kwake.

Faida ya «sisi» ni kwamba haifi. Aliyesema mwanzoni mwa sura anaweza kuwa amekufa katikati na sauti ikaendelea bila kukatika, na msomaji hatambui mara moja nani ametoka. Hasara yake ni kwamba inadanganya kwa upole. Wapagazi hawakuwa kitu kimoja. Kulikuwa na Wanyamwezi waliozoea safari za misafara tangu zamani, wakajua kufunga mzigo na kudai posho, na kulikuwa na waliokamatwa shambani wiki iliyopita. Upande wa pili, huko kwa Waingereza, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu Kenya kwa lazima. Sauti moja ya pamoja inaweza kufuta tofauti hizo zote na kuwafanya watu hao kwaya ya msiba. Nimejiwekea sharti: katika kila sura ya «sisi», «sisi» lazima igombane angalau mara moja. Wengine wanataka kutoroka, wengine wanaona watorokaji watawaponza. Mahali hapo nafsi inapasuka: «wengine wetu tulisema», «wengine wetu tukanyamaza». Kisha inajishona tena.

Na kuna takwimu. Kadirio linalotajwa sana ni kwamba wabebaji wa upande wa Waingereza pekee waliokufa walikuwa kama 95,000. Nilikuwa nimeliweka mwishoni mwa sura ya tano, likaonekana la kutisha na la kupachikwa. Hakuna mpagazi aliyelijua. «Sisi» hawawezi kulisema. Nimelitoa, nimelibandika juu ya meza, linangoja.

Aprili

Sasa swali la lini.

Askari wangu wa Tanga anasema «hata leo sijui». Leo ipi? Akisimulia mwaka 1918 ana hasira au fahari. Akisimulia uzeeni ana sababu nyingine za kusema.

Nimempata wa kumsikiliza. Von Lettow-Vorbeck alifariki Machi 1964, na mwaka huo Ujerumani Magharibi iliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee walipofika Mwanza kudai, wengi hawakuwa na hati yoyote, hivyo mlipaji akampa kila mmoja fagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Aliyeitika amri kwa mwili wake alilipwa.

Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama ya kuchangamsha, uaminifu wa askari mzee na kadhalika. Mimi naona ndani yake msimulizi ambaye kila neno lake lina bei. Nimemkalisha mzee wangu mbele ya meza ile. Maneno yake yote ya sura za Tanga, za Mahiwa na za Ruvuma anayasema pale, kwa mtu mwenye kalamu na sanduku la fedha. Kwa hiyo ana kila sababu ya kuonyesha utii na kuficha mengine. Anasema: «Tulipita Ugogo. Tulipewa ng'ombe.» Basi. Anaendelea na habari za mto.

Pembeni, kwenye baraza ileile, nimemweka mzee mwingine ambaye hakuitwa. Alibeba miaka yote minne. Hajui amri hata moja ya gwaride, maana hakufundishwa, na fedha ile haikuwa ya wabebaji. Yeye hasimulii. Anatazama tu fagio likipanda begani, na macho yake ndiyo yanayobeba ukurasa mmoja wa nafsi ya tatu. Nimejizuia kumpa hotuba. Ingekuwa rahisi mno.

Mei

Ugogo. Sura fupi kuliko zote na imechukua muda kuliko zote.

Katikati ya mwaka 1916 vita vilipita huko, Wajerumani wakirudi nyuma na Waingereza wakiwafuata; Dodoma ilitekwa Julai. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, mifugo na watu. Mvua zikakosekana baadaye, na ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina Mtunya, kati ya 1917 na 1920.

Katika rasimu ya zamani sura hii ilikuwa na pande mbili, kwa sababu msimulizi alizijua. Sasa macho ni ya mwanamke mmoja mwenye ghala la mtama, nafsi ya tatu iliyobanwa ndani ya kichwa chake tu. Kwake hakuna Mwingereza wala Mjerumani. Kuna waliokuja wakati wa kupura, na kuna waliokuja baada yao na kukuta kidogo, wakakasirika. Wa kwanza walichukua ng'ombe, wa pili wakachukua mume. Nimefuta majina yote ya majeshi katika sura hiyo. Aliyesoma rasimu aliniambia alipotea, hajui nani ameingia kijijini. Nimemjibu kwamba mwanamke naye hajui, na sikubadili.

Nilichobadili ni kitu kidogo zaidi. Aliyesimama kwenye mlango wa ghala ana uso uliovimba upande mmoja zamani, na kope lake limeshuka. Msomaji wa makini atamkumbuka kijana wa nyuki. Mzee alisema walipewa ng'ombe. Sihitaji msimulizi wa kutamka kwamba amedanganya. Mitazamo miwili imegongana, inatosha.

Juni

Kidogo mwezi huu. Sura za Rufiji zimepunguzwa. Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyozamishwa Julai 1915 na mizinga yake iliyotolewa majini ikaburutwa nchi kavu, nilikuwa nimeiandikia kurasa nyingi za ufundi. Imebaki aya ya «sisi» wakivuta mzinga kwa kamba, bila kujua ulikuwa wa meli gani. Naupenda ufundi ule, lakini hauna mtu wa kuuona.

Julai

Mwisho wa vita ndio mtihani wa mtazamo kuliko pigano lolote.

Ulaya walinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Huku, tarehe 13, Wajerumani waliingia Kasama, katika Zambia ya leo. Siku hiyo alikamatwa mpanda pikipiki wa Kiingereza aliyekuwa na habari ya kusitishwa mapigano, na tarehe 14 ikathibitishwa huko mto Chambeshi. Silaha zilikabidhiwa Abercorn tarehe 25: Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na nyuma yao wapagazi, wanawake na watoto.

Siku hizo chache baada ya tarehe 11 zinamtamanisha kila mwandishi. Mtu aliyekufa tarehe 12 amekufa katika vita vilivyokwisha. Msimulizi maizi hawezi kuacha kulisema. Nami katika rasimu ya kwanza sikuacha, nilikuwa na sentensi nzima yenye uchungu mtamu. Sasa sura ni ya «sisi», na kwao tarehe 11 haipo. Kuna mto, kuna mizigo, kuna mtu aliyeshindwa kuamka.

Nilifikiri kuweka tarehe juu ya sura kama kichwa, ili msomaji ajue asichokijua msimulizi. Nimeiweka, nimeisoma, nimeitoa. Ikiwepo, msomaji anawatazama wapagazi kutoka juu na kuwahurumia kwa kutojua kwao, yaani tumerudi mnarani kwa mlango wa nyuma. Bila tarehe, msomaji anavuka mto pamoja nao, na habari inapofika inamfikia kwa namna ilivyowafikia wao: wazungu wamekusanyika, wamenyamaza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetupigia kelele tuinue mizigo. Tulikaa chini tukadhani tumekosea jambo.

Lakini tarehe lazima ikae mahali, sawa na ile 95,000 iliyo mezani. Jibu nimelikuta kwa watunzi wa tenzi. Mtunzi wa utendi wa vita hajifichi. Anaanza kwa kuagiza wino na karatasi, anamaliza kwa kutaja jina lake na kuomba penye kosa asahihishwe. Katikati anaweza kusimulia vita asivyoviona, na hakuna anayemshangaa, kwa sababu tangu mwanzo umemwona amekaa na kalamu. Anajua mengi, ila anajua kama mtu aliyeambiwa na aliyesoma.

Nimemrudisha msimulizi wangu wa zamani kwa sharti hilo. Ana kurasa tatu fupi katika riwaya nzima, zimetengwa na sura nyingine. Anasema wazi: nimesoma, nimeambiwa, hapa nakisia. Ndiye anayetaja 95,000, na anataja kwamba ni kadirio. Ndiye anayetaja tarehe 11, baada ya sura ya mto, si kabla.

Agosti

Hali ilivyo: Tanga, Rufiji, Ugogo, Chambeshi na baraza la Mwanza zimesimama. Kurasa za mtunzi zimeandikwa mbili, ya tatu bado.

Iliyobaki ngumu ni Mahiwa, Oktoba 1917, siku nne za mapigano ya karibu katika eneo la Lindi. Waingereza, wakiwa na vikosi vya Wanigeria, walipoteza zaidi ya watu 2,000, na Wajerumani walioshinda waliishiwa nguvu kiasi kwamba mwezi uliofuata wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mzee wa fagio anataka sana kuisimulia, maana ndiyo fahari yake, na mlipaji yuko tayari kuisikia. Ndiyo sababu nataka kumnyima. Wake za askari walikuwamo katika msafara muda wote, wakipika, wakibeba, wakizaa njiani, na bado hakuna aliyewapa mdomo katika rasimu yangu. Mwanamke aliye nyuma ya mstari siku nne hizo hasikii amri. Anasikia mlio ukisogea na ukirudi, na anajua matokeo kwa kuhesabu wanaokuja kula. Wiki ijayo naandika siku ya kwanza kwa masikio yake, bila kuona kitu, kisha naiweka kando ya toleo la mzee niamue ipi ikae.